Visigino kwenye ekzosi: kisa cha pikipiki ya abiria wa Gongoni

Mgogoro ulikuwa kati ya watu wawili wanaoheshimiana. Mama mmoja mkazi wa Barani, hapa Malindi, alimkabidhi kijana wa mtaa huohuo pikipiki ya cc 150 afanyie kazi ya boda, amletee hesabu kila jioni. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo: petroli na pancha ni juu ya kijana, oili na matengenezo makubwa ni juu ya tajiri, na kitakachoharibika kwa uzembe kitalipwa na aliyezembea. Miezi ikapita bila neno. Kisha sailensa, iliyokuja iking'aa kroma, ikaanza kuota mabaka meusi yaliyogandia upande wa nyuma, na kandokando ya mabaka hayo vipele vya kutu. Mama akasema kijana anaikanyaga ekzosi kwa mabuti yake. Kijana akaapa ni abiria. Mama akataka sailensa mpya, na gharama yake ikatwe kidogo kidogo kwenye hesabu. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba fundi aangalie aseme.

Fundi huyo ni mimi. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu pikipiki zenye mabaka kama yale ni nyingi mno Malindi, na watu hubishana juu ya urembo wa kroma huku chanzo kikiwa kwenye mguu wa abiria, mguu unaotafuta mahali pa kukaa na kupakosa. Mguu huohuo ukiwa wa mtoto, au wa mtu asiye na kiatu, hauachi alama kwenye chuma. Chuma ndicho kinachoacha alama juu yake.

Alama husomeka kabla hazijaguswa

Nilimwomba kijana alete pikipiki bila kuiosha. Alama ya kisigino ina mahali pake, umbo lake na rangi yake, na vyote vitatu hupotea mtu akishaisugua.

Pikipiki ile, kama nyingi za Kihindi zinazofanya kazi ya boda pwani, ekzosi yake hutoka mbele ya injini, hupinda kwenda chini, ikapita upande wa kulia na kuishia kwenye sailensa ndefu kando ya gurudumu la nyuma. Shingoni, pale bomba linapopita karibu na breki ya mguu, palikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba wa kahawia, wa siku nyingi. Chini ya kikanyagio cha abiria, nyuma kidogo ya mkono unaokishikilia, palikuwa na baka kubwa jeusi, pana kuliko kiganja, na ndani yake mistari ya soli ilionekana wazi. Nyuma zaidi, karibu na mwisho wa sailensa, mabaka madogo yalikuwa yametawanyika bila mpangilio, mengine ya kijivu, mengine ya kijani kilichoungua.

Palikuwa pia na rangi ya dhahabu inayoelekea buluu pale bomba linapotoka kwenye injini. Mama aliinyoshea kidole hiyo kwanza. Nikamweleza kuwa hiyo haihusiani na kiatu chochote. Ni joto la injini lenyewe likibadilisha uso wa chuma, na ikizidi sana ndipo fundi anaangalia kama injini inapata petroli kidogo kupita kiasi au kama moto wa plagi unachelewa. Hapa haikuwa imezidi. Tukaiacha.

Mkwaruzo wa shingoni ulikuwa wa dereva. Ni yeye tu ambaye mguu wake wa kulia unafika pale. Ulikuwa mmoja, mdogo, na haukuwa na kutu. Baka kubwa la katikati haliwezi kuwa la dereva, labda apande akiwa amekaa kiti cha nyuma, kwa hiyo ni la abiria. Mabaka ya mwisho ndiyo yaliyonishughulisha, kwa sababu abiria aliyekaa vizuri kisigino chake hakifiki kule nyuma. Anayefika kule ni mtu aliyekaa nyuma ya abiria.

Mama alielewa kabla sijamaliza. "Mwanangu, unabeba mshikaki?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Jioni, mama. Wakitoka kazini wanakuwa wengi na pikipiki ni chache."

Hapo ndipo nilipojua njia anayofanyia kazi. Asubuhi yuko mjini, anabeba mizigo ya sokoni. Alasiri anashika barabara ya Garsen, anavuka daraja la Sabaki, anapita njia panda ya Mambrui hadi Gongoni, na mara nyingine Marereni, kuchukua wafanyakazi wa mashamba ya chumvi. Ukanda huo, kuanzia Ngomeni na Gongoni kwenda Marereni, ndio unaotoa sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya, na ukipita wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, utaona mabwawa yamekauka meupe na watu wamesimama ndani yake na gambuti. Wakipanda pikipiki jioni, wanapanda na gambuti hizohizo, soli zikiwa bado zina maji ya chumvi.

Jaribio la chaki

Kijana alisisitiza kwamba vikanyagio vya abiria viko, na kweli vilikuwepo. Kwa nini basi mtu mwenye pa kukanyaga akanyage sailensa? Tulilijaribu jambo hili injini ikiwa baridi kabisa, na ningependa kila mwenye boda alijaribu kwake, kwa maana halihitaji kitu zaidi ya kipande cha chaki na mtu mmoja wa kukusaidia.

Nilipaka chaki kisigino cha gambuti ya kulia, nikamwambia kijana mwingine aliyekuwa pale karakana apande kama abiria anavyopanda stejini. Kenya tunaendesha kushoto, hivyo abiria husimama ukingoni mwa barabara na kupanda kutokea kushoto. Mguu wa kushoto unabaki chini, wa kulia unarushwa juu ya kiti na kushuka upande wa pili. Mwenye mguu haoni unakoshukia. Mbele yake kuna mgongo wa dereva, na goti lake mwenyewe limemzibia. Mguu unashuka ukipapasa, na kitu cha kwanza kigumu unachokutana nacho ndicho unachosimamia.

Mara ya kwanza vikanyagio vilikuwa vimekunjwa, kwa sababu kijana alikuwa ametoka kushusha magunia na huvikunja ili visikwame kwenye mzigo. Chaki ikaingia palepale penye baka jeusi. Mara ya pili tukavifungua. Safari hii mguu ulikipata kikanyagio, lakini kisigino kikateleza kurudi nyuma na kwenda ndani, na chaki ikagusa ukingo wa baka lilelile. Nikainama kutazama: raba ya kikanyagio ilikuwa imeisha zamani, limebaki chuma tupu kilicholainika kwa kusuguliwa, na mkono wake ulikuwa umepinda kuelekea ndani, labda siku pikipiki ilipoanguka. Kwa gambuti yenye soli iliyolowa, chuma kile kilikuwa cha kuteleza tu.

Sababu basi zilikuwa kadhaa na zilisaidiana. Vikanyagio vilisahauliwa vimekunjwa baada ya mizigo. Raba ilikuwa haipo. Mkono ulikuwa umepinda. Na mtu wa tatu, ambaye pikipiki haikutengenezewa mahali pake pa kukaa wala pa kukanyaga, alitundika miguu kwenye sailensa kwa sababu hakuwa na pengine pa kuiweka. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja, na kwa macho ya fundi sababu inaonekana hata bila kufungua kitabu cha sheria: vikanyagio vya nyuma ni viwili tu.

Nilimuuliza kijana kuhusu akina mama wanaokaa upande, na akasema hao hawajawahi kuacha alama. Ni kweli, maana miguu yao yote iko kushoto, mbali na ekzosi. Hatari yao ni nyingine, nguo kuingia kwenye mnyororo na tairi, na hiyo inastahili maelezo yake yenyewe.

Kilichokuwa chini ya baka

Wengi huliona baka la kiatu kuwa uchafu wa juu tu, na kama pikipiki ingekuwa inafanya kazi mbali na bahari ningekubaliana nao kiasi. Hapa kwetu sikubali, na sababu zake ndizo zilizofanya kesi ile isiwe ya urembo.

Soli hazifanani. Ndara nyepesi za povu hulainika hata kabla chuma hakijafika nyuzi 100, zikaacha utando mwembamba. Raba halisi ya buti haiyeyuki, ila huungua juu juu na kushika kama lami. Gambuti nyingi zinazouzwa madukani ni za plastiki ya PVC, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Ikifika kama nyuzi 80 inalainika na kunata. Joto likiendelea kupanda kupita nyuzi 140 hivi, inaanza kuvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo huiyeyusha kroma. Sehemu ya mbele ya sailensa, pikipiki ikitoka Gongoni, mwendo wa zaidi ya kilomita 20, hupita joto hilo bila shida.

Na kroma yenyewe ni ngozi nyembamba mno. Kroma ya urembo kwa kawaida haifiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali unywele wa binadamu ni kama mikroni 70. Kinachokinga chuma hasa ni nikeli iliyo chini yake. Kroma ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na chumvi hupitia humo hadi kwenye nikeli, kisha kwenye chuma, kutu ikaanza kutokea chini na kuisukuma kroma juu. Ndivyo vile vipele vinavyotokea.

Sasa tazama kilichokuwa kikitendeka kila jioni. Soli yenye maji ya chumvi inagusa chuma cha moto. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Plastiki inayeyuka juu ya chumvi hiyo na kuifunika. Kesho yake kijana anaosha pikipiki, maji yanapita juu ya baka na hayafiki chini. Usiku upepo wa bahari unaleta unyevu, chumvi iliyofungiwa inaunyonya, na kazi ya kutu inaendelea chini ya kifuniko. Mama alikuwa akiona kutu pembeni mwa mabaka tu, lakini nilipobandua baka la katikati nilikuta kutu nyingi zaidi ndani yake kuliko nje. Sehemu za sailensa ambazo hazikuguswa na kiatu, ingawa zilipigwa na upepo uleule wa chumvi, zilikuwa bado nzima.

Huo ndio ushahidi uliomaliza ubishi juu ya chanzo.

Kuondoa bila kuharibu zaidi

Ushauri ulikuwa mwingi karakana siku hiyo, kama kawaida ya karakana. Mmoja alitaka tulipige baka kwa moto wa gesi hadi liungue lote. Nilikataa, kwa sababu ni kuongeza asidi ileile juu ya kroma ileile, na wa kwanza kuuvuta moshi huo ni aliyeshika moto. Mwingine alileta msasa. Msasa hutoa baka na kutoa kroma pamoja nalo, na kuanzia hapo unapaka rangi kila mara au unanunua sailensa. Wa tatu alipendekeza kostiki soda. Juu ya kroma nzima inaweza kufanya kazi, lakini pikipiki ina sehemu nyingi za alumini jirani na ekzosi, na kostiki hula alumini na kuchubua rangi. Tone moja likidondokea kifuniko cha injini, alama yake haifutiki.

Tulifanya hivi. Tuliwasha injini kwa muda mfupi, tukaizima kabla sailensa haijapata moto mkali. Plastiki ilikuwa imelainika. Tukaikwangua kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa bapa, tukifuata upande mmoja. Ilitoka kwa vipande. Tulipofika kwenye utando mwembamba uliobaki, tuliiacha sailensa ipoe kabisa, maana utando wa raba ukiwa baridi huwa mkavu na kukatika, tukaendelea kwa kadi ya plastiki. Mwisho tulikunja foili ya alumini, ile ya kufungia chakula, tukailowesha maji na kusugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kroma, kwa hiyo haiichubui, na inaondoa kutu ya juu vizuri.

Maji ya kuoshea ni jambo ambalo watu wa Malindi wanapaswa kulitilia maanani. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi. Kuosha ekzosi kwa maji hayo na kuiacha ikauke ni kuirudishia ulichoondoa. Maji ya bomba, yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, ndiyo ya kutumia, au maji ya mvua ukiyakinga. Tukasuuza kwa maji matamu, tukakausha kwa kitambaa, na kabla ya kuwasha injini tukapangusa sailensa yote kwa spiriti. Mafuta ya vidole yakibaki juu ya chuma na chuma kikapata moto, yanaganda yakawa madoa ya kahawia, na utadhani kazi yako yote ilikuwa bure.

Chini ya baka kubwa kroma ilikuwa imekufa sehemu ya ukubwa wa sarafu mbili tatu. Hapo hapakuwa na la kurudisha. Tulipasafisha, tukapaka rangi ya kuhimili joto, ikakaushwa kwa joto la injini yenyewe kwa hatua, kuwasha kidogo, kupoza, kuwasha tena zaidi. Si nzuri kama kroma, lakini imezuia kutu isitambae, na baadaye ilifunikwa na ngao.

Pa kukanyagia kwanza, ngao baadaye

Kijana alidhani tutaanza na kava ya ekzosi. Nilianza na kikanyagio, na hapa sina shaka hata kidogo: ukiweka ngao nzuri ya chuma juu ya sailensa huku mguu wa abiria hauna pa kukaa, umempa abiria kikanyagio kipya kisicho imara. Mguu utaendelea kwenda pale, safari hii ukipapinda.

Mkono wa kikanyagio ulinyooshwa na kuimarishwa. Raba mpya zikawekwa, zenye meno, pande zote mbili. Bawaba ikasafishwa na kukazwa ili kikanyagio kisijikunje chenyewe kwa mtikisiko. Kisha, kwenye mkono huohuo, nikachomelea kibati kilichosimama wima, milimita 80 kwa 60, kati ya kikanyagio na sailensa. Kibati hiki ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Kisigino kikitaka kuingia ndani kinagonga ukuta uliofungwa kwenye fremu, ambao hauna joto. Pikipiki nyingi za mashindano zinakuja na kitu kama hicho kutoka kiwandani. Za boda hazina, ingawa ndizo zinazopandwa na watu wasiozijua, wakiwa na haraka, gizani, na mizigo mikononi.

Ngao yenyewe tuliikata kwenye bati la chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 1.2, likakunjwa kufuata mviringo wa sailensa. Linaanzia mbele kidogo ya mkono wa kikanyagio na kwenda nyuma hadi karibu na mwisho. Linasimama mbali na sailensa kwa milimita 12, limeshikiliwa na vibushi vifupi, yaani vipande vya bomba vya kuacha nafasi, kwenye klempu mbili zinazozunguka sailensa. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi. Bati likigusa sailensa moja kwa moja, joto linapita kama vile hakuna bati. Likiachwa na hewa katikati, na juu na chini pakiwa wazi, hewa ya moto inapanda na kutoka, hewa baridi inaingia, na uso unaong'aa wa ndani unarudisha sehemu ya joto kule lilikotoka.

Hatukuchomelea chochote kwenye sailensa yenyewe. Moto wa kuchomelea unaunguza kroma nje na kufungua njia ya kutu ndani, ambako hata bila hivyo maji ya moshi hukusanyika. Matundu ya bolti tuliyafanya marefu badala ya mviringo, kwa sababu chuma kinarefuka kikipata moto: kipande cha milimita 300 kikipanda nyuzi 150 huongezeka kama nusu milimita. Ni kidogo, lakini kinatosha kulegeza bolti au kuanzisha kelele. Nati zile zenye pete ya nailoni ndani hazifai hapa kwa vile nailoni hulainika kwa joto, kwa hiyo tukafunga nati mbilimbili.

Kijana alikuwa na wazo la kuzungushia sailensa kitambaa cha kuzuia joto alichokiona kwenye pikipiki moja, na rafiki yake alitaka kufunga vipande vya tairi kwa waya. Vitambaa hivyo kwenye nchi kavu vina watu wao. Pwani vinashika umande na chumvi vikavilaza juu ya chuma usiku kucha, sawasawa na lile baka, ila kwa urefu wote wa bomba. Na tairi ni raba ileile tunayoikimbia. Niliwaambia pia wasitumie alumini na bolti za chuma kwa ngao ya namna hii: hewa ya chumvi ikiwepo, alumini inaliwa kuzunguka bolti, na siku moja ngao inadondoka njiani.

Tulipomaliza, kijana alikwenda hadi Mambrui na kurudi. Nilidondosha maji kwenye sailensa, yakalia na kutoweka hapohapo. Nilidondosha kwenye ngao, yakatulia na kukauka polepole. Kisha tukakandamiza kisigino cha gambuti kwenye ngao kwa muda. Hakikunata.

Nilimwambia kijana jambo moja la mdomo ambalo halihitaji spana. Kabla abiria hajarusha mguu, ashuke mkono na kufungua kikanyagio cha kulia, aseme, "Ngoja kaka, nikufungulie pa kukanyaga," au dada, au mzee, kwa mtu aliye mbele yake. Abiria akisikia hivyo mguu wake unajua pa kwenda. Na akiwa na mtoto, amwonyeshe ekzosi iko wapi kwanza. Chuma cha nyuzi 70 kinatosha kuunguza ngozi kwa sekunde moja hivi, na mashavu ya miguu ya watoto ndiyo yanayofikia urefu huo. Akiungua mtu, ni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, mara moja, bila dawa ya meno wala mafuta, kisha hospitali kama jeraha ni kubwa au ni la mtoto.

Nani alipe

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote, na aliniuliza kwa upole, "Fundi, basi niambie, kosa ni la nani?"

Nilimjibu nilivyoona. Mkwaruzo wa shingoni ni wa kijana na hauna gharama. Kusahau vikanyagio na kubeba mshikaki ni kwake pia. Raba zilizoisha na mkono uliopinda ni matengenezo, na Mama alikiri kuwa kijana aliwahi kumtajia, ikaahirishwa. Kisha nikasema lile nililoona ni la msingi, nikijua si la ekzosi: hesabu ilikuwa ileile mwaka mzima. Masika yakifika, kazi ya chumvi inalala, abiria wa Gongoni wanapungua, deni linajikusanya, na kaskazi ikirudi kijana anabeba watu wawili wawili kulifukuza. Mabaka ya mwisho wa sailensa yalitokana na hilo kuliko utovu wa adabu.

Mama alifikiri. Hakujibu haraka, na nilimheshimu kwa hilo. Mwishowe alikubali kulipia ngao na kibati, kwa kuwa ni vifaa vya pikipiki yake. Kijana akalipia raba na kazi ya kusafisha. Sailensa mpya haikununuliwa. Hesabu ya miezi ya mvua ikapunguzwa, na kijana akaahidi mbele yetu kwamba abiria ni mmoja.

Pikipiki ilirudi kwangu kwa oili baada ya kaskazi kupita. Ngao ilikuwa na mikwaruzo mikavu ya soli mbele, karibu na kibati, na hakuna kilichoyeyuka juu yake. Raba za kikanyagio zilikuwa zimeanza kulika upande wa nje, kumaanisha miguu inakaa panapotakiwa. Nilipoinua ngao, rangi niliyopaka ilikuwa imeshika na kutu haikusogea. Bolti moja ya klempu ya nyuma ilikuwa ya chuma cha kawaida, iliyochanganyika na nyingine kwenye boksi, nayo ilikuwa imeshaliwa nusu. Nikaitoa, nikaweka ya chuma kisichoshika kutu, nikakaza nati mbili, kijana akaondoka kwenda stejini.